Supu Iliyokuja Mapema

Gu Bingsheng alijivunia vitu viwili maishani: mkasi wake na ulimi wake. Mkasi, kwa sababu alikuwa fundi wa suti hapa Shanghai mpaka alipostaafu, na wanaume wengi wenye vitambi walimshukuru kwa kuvificha. Ulimi, si kwa maneno, maana kwa maneno alikuwa mzito na mara nyingi yalimtoka vibaya, bali kwa kuonja. Mwekee sahani ya kamba waliokaangwa, atakwambia kama asubuhi walikuwa wanaogelea au wamelala kwenye barafu tangu juzi. Watu wa aina hii ni raha kwenda nao mgahawani. Kuishi nao ni habari nyingine, muulize mkewe.

Jumapili ile, saa sita haijagonga, Gu alikuwa ameshaketi kwenye chumba cha faragha cha mgahawa wake wa siku zote, akizungusha huku na huku, bila sababu, kile kioo cha duara cha katikati ya meza kinachobeba sahani. Alikuwa akiwangoja wakwe kutoka Luoyang, Mzee Kang na mkewe, waliofika kwa treni jana yake. Hawajawahi kuonana.

"Acha kuzungusha hicho kitu, utatutia kizunguzungu kabla hatujala," mkewe alimwambia. Wote humwita Mama Peiwen, na sisi tumwite hivyo hivyo.

"Nakijaribu kama kinazunguka vizuri."

"Kimezunguka miaka yote, leo kiache kisa wewe?"

Ukweli ni kwamba Gu alikuwa na hofu. Kwa miaka miwili alikuwa amemkataa Songtao, mtoto wa hao Kang na mchumba wa binti yake, dereva wa treni za chini ya ardhi, kwa sababu alizozibadilisha kila mwezi. Mara kijana anatoka mbali. Mara anafanya kazi ya zamu. Mara anakula vitunguu saumu vibichi. Mwishowe Peiwen, binti yake wa pekee, alimjia jikoni wiki iliyopita na kumwambia kwa utulivu uliomtisha kuliko kelele: "Baba, tutakula na wazazi wake mara moja. Ukiwaudhi, sitabishana tena na wewe. Tutafunga ndoa Luoyang, tutaishi Luoyang, na wewe utabaki na kamba wako."

Peiwen si mtu wa vitisho. Kwa hiyo Gu aliamua kwamba leo, liwalo na liwe, atakuwa mkarimu mpaka wamshangae. Aliagiza kama anayelisha ukoo mzima: vyakula baridi vya kufungulia, kuku aliyelowekwa kwenye pombe, samaki wa kukaushwa kwa moshi, karanga za siki, kisha vya moto, kamba, samaki mkunga, yule mrefu kama nyoka, wa mafuta yanayochemka, nyama ya nguruwe ya mchuzi mwekundu ambayo mgahawa ule unaipika tangu alfajiri, na mwisho samaki mzima wa mvuke. Kila kitu kije kwa zamu yake. Kwa Gu, kuleta vyakula bila mpangilio ni sawa na kushona mkono wa koti kabla ya bega.

Peiwen akaingia na wageni. Mzee Kang alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye shingo iliyoungua kwa jua, na koti lililombana mabegani, jambo ambalo Gu aliliona kabla hajaona uso. Mkononi alishika chupa ya pombe kali ya kwao. Mkewe alikuwa mwanamke mdogo, mpole, aliyejifunga skafu mpaka kidevuni.

"Karibuni, karibuni sana, wakwe zetu! Kaeni hapa, hapa panapotazama mlango, ndipo pa mgeni."

"Hapana, mkwe, kaa wewe, wewe ndiye mwenyeji."

"Siwezi, kaa wewe."

Walisukumana mabega kwa heshima, kama desturi inavyotaka, mpaka Mzee Kang akakubali kushindwa. Alimkabidhi Gu ile chupa kwa mikono miwili. Gu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka taratibu chini ya meza pembeni ya mguu wake, maana zawadi ya mtu haifunguliwi mbele ya macho yake kama mtu mwenye njaa. Kisha akawamiminia wageni pombe ya mchele, ya moto, ile tamu ya Shanghai.

Mzee Kang alitazama chini ya meza.

Hapo Mama Kang akashika kichwa. "Makomamanga! Maboksi mawili ya makomamanga, tumeyaacha gesti."

"Usijali, mama," Peiwen alisema. "Songtao anatoka kazini sasa hivi. Nitakutana naye pale gesti, tutayabeba pamoja. Nyinyi anzeni." Kabla ya kutoka alimtupia baba yake jicho moja. Gu akalielewa bila mkalimani.

Wakaanza. Yaani Gu alianza. Aliwawekea wageni kuku sahanini, akawaeleza pombe iliyomlowesha, akawaeleza samaki na moshi wake. Mzee Kang alikula kila alichowekewa, akasema "vizuri" kila mara kwa sauti ile ile, na baada ya muda akauliza kwa aibu kidogo kama kunaweza kupatikana punje mbili tatu za saumu.

"Ah, huku hatuli saumu mbichi," Gu alisema akicheka. "Tunawaogopa majirani!"

Ilikuwa mzaha. Mama Peiwen alimkanyaga chini ya meza, na kwa mara ya kwanza Gu alihisi hewa ya chumba imebadilika, ila hakujua imebadilikia wapi.

Alitazama huku na huku akitafuta la kurekebisha, ndipo akamwona Mama Kang. Maskini mama wa watu! Alikuwa ameshika kikombe cha maji ya moto kwa mikono yote miwili, na kuku wake hajaguswa. Gu alipigwa na huruma ya kweli. Vyakula vyote mezani ni baridi, na mama katoka safari. Akamwinamia mkewe, akamnong'oneza kwa Kishanghai, lugha ambayo mtu wa Luoyang haambulii hata neno:

"Mwone mama, anatetemeka. Tumempa barafu tupu."

"Sasa? Mpe kitu cha moto."

Gu akamwita mhudumu, na kwa Kishanghai hicho hicho akamwuliza supu gani inatoka haraka.

"Ya mayai, Mzee Gu. Hata hujapepesa jicho, imefika."

"Basi ilete ya mayai. Mpe kwanza yule mama pale."

"Umeanza lini kuwa na huruma wewe?" Mama Peiwen akamtania, na wote wawili wakacheka, na mhudumu naye akacheka, wakimtazama Mama Kang kwa upendo.

Supu ikaja. Bakuli kubwa jeupe, mvuke unapanda, nyuzi za mayai zinaelea, vitunguu vya majani juu yake. Mhudumu akammiminia Mama Kang, kisha Mzee Kang. Gu alijiegemeza kitini akiwa ameridhika na nafsi yake kuliko siku zote za mwaka ule.

Mzee Kang alilitazama bakuli lake. Akamtazama mkewe. Mkewe akainamisha macho. Kisha wote wawili wakanywa supu ile mpaka tone la mwisho, wakaweka vijiti vya kulia sambamba juu ya bakuli, wakapangusa midomo. Mzee Kang akasimama, akashusha koti lake lililombana.

"Mkwe, mama, tumekula, tumeshiba. Asanteni kwa kutupokea."

Mama Kang aliinama, akafunga skafu yake. Na wakatoka.

Gu alibaki akitabasamu kwa muda, maana hakuwa na sura nyingine tayari.

"Wamekwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Msalani."

"Wote wawili? Na skafu?"

Gu akafikiri. Mara uso ukamng'aa, akapiga paja. "Wanakwenda kulipa! Wajanja hawa! Wanataka kunilipia chakula kwenye mgahawa wangu!" Akachomoka mbio, akashuka ngazi kama kijana, maana hakuna aibu kubwa hapa mjini kama mgeni kukuwahi kaunta. Alifika akiwa ameshanyoosha mkono kumzuia mtu. Hapakuwa na mtu. Dada wa kaunta alimwambia wale wazee wamepita, wameaga kwa adabu, wametoka mlangoni, wamekata kushoto.

"Wametoka? Nje?"

"Nje, Mzee Gu. Kuna nini tena upande wa pili wa mlango?"

Gu alisimama pale mlangoni akiangalia kushoto, na kichwa hakikushika kitu. Mtu anaondokaje kabla ya kamba? Kabla ya mkunga? Nyama ya mchuzi mwekundu bado iko jikoni, samaki bado hajaingia kwenye mvuke. Ni kama mteja apimwe kifua halafu aondoke bila kupimwa mikono. Akarudi juu na mkewe akaanza kumhesabia makosa.

"Ni saumu. Umewaambia wananuka."

"Sijasema wananuka, nimesema majirani!"

"Majirani wanaogopa nini kama si harufu?"

"Lakini baada ya hapo amekula samaki vipande viwili. Mtu aliyeudhika hali samaki."

"Basi kuku. Pombe ya kuku imempanda mama kichwani."

"Kuku hajamgusa!"

"Basi umeagiza vichache, wamekuona bahili."

"Vichache? Hiyo meza itazama!"

Kamba wakaingia wakiwa wanang'aa. Mkunga akaingia mafuta yakilia juu yake. Kila mhudumu alipofungua mlango Gu aliruka akidhani wamerudi, na kila mara ilikuwa sahani nyingine. Hajawahi kuona chakula kizuri kikimtia uchungu vile. Ilipoingia nyama ya mchuzi mwekundu, nyuma yake waliingia Peiwen na Songtao, kila mmoja na boksi la makomamanga mikononi.

Peiwen aliona viti viwili vitupu. Aliweka boksi chini polepole.

"Baba. Umewaambia nini?"

"Sijawaambia kitu! Haki ya Mungu, mwanangu, nimewakaribisha, nimewawekea kuku..."

"Nimeondoka hapa muda wa kubeba boksi. Muda wa kubeba boksi tu!"

"Muulize mama yako!"

"Saumu," alisema Mama Peiwen.

"Si saumu!"

Songtao alikuwa hajasema neno. Alikuwa kijana wa maneno machache, na Gu siku zote aliuchukulia ukimya ule kuwa upumbavu. Alikuwa anaitazama meza. Aliangalia mabakuli mawili yaliyonywewa yakaisha, na vijiti vilivyolazwa sambamba juu yake, kisha lile bakuli kubwa la supu ya mayai lililokuwa limeanza kupoa. Rangi ikamtoka usoni.

"Mzee," alisema, "hii supu nani ameiagiza?"

"Mimi."

"Ililetwa wakati gani?"

"Baada ya vyakula baridi tu. Nimeiagiza haraka, kwa makusudi kabisa."

Songtao akamgeukia. "Mzee, kama hunitaki, si ungeniambia mimi? Wazazi wangu wamekukosea nini?"

Gu aliona sakafu inazunguka badala ya kioo cha meza. "Wewe kijana, mbona sikuelewi? Nimempa mama yako supu kwa sababu anasikia baridi!"

Songtao alimtazama sana usoni. Kisha akaketi, akaficha uso viganjani, na mabega yakaanza kumtikisika. Kama analia au anacheka, hakuna aliyejua, labda hata yeye.

"Kwetu Luoyang," alisema alipoweza, "mwenyeji hamwambii mgeni aondoke. Analeta supu ya mayai. Karamu ikifika mwisho kabisa ndipo inaletwa, na ikishatua mezani, hata kama una tonge mdomoni, unameza, unakunywa supu, unashukuru, unakwenda zako. Hata mtoto mdogo anajua."

Samaki wa mvuke akaingia, akawekwa katikati, kichwa chake kikielekea kiti kitupu cha mgeni.

"Kwa hiyo mimi..." Gu alisema.

"Umewafukuza kabla ya kamba," Peiwen akamalizia.

Songtao alipiga simu. Mama yake alipokea, sauti yake ya upole ikasikika chumba kizima: wako salama, wako duka la tambi karibu na gesti, baba anakula, wasiharibu chakula chao kizuri kwa ajili yao. Gu hakungoja. Alivaa koti akiwa tayari amefika mlangoni, akamwacha mkewe na Peiwen wakiomba vyombo vya kufungia chakula.

Alitembea haraka, Songtao pembeni yake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno kichwani na yote yalimkimbia. Ataeleza desturi. Ataeleza baridi. Hili ni jambo la supu tu, atalieleza, watacheka, watarudi. Alijisikia karibu mwepesi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja, la watu wa Henan, mkoa wa akina Kang, meza tatu na mvuke mpaka darini. Mzee Kang alikuwa ameinamia bakuli la tambi pana za nyama ya kondoo, maganda ya saumu mbele yake. Alipomwona Gu alisimama mara moja, kwa adabu ile ile.

"Mkwe, umeacha chakula chako!"

Gu akaeleza. Alieleza yote kwa pumzi moja, supu, baridi, mikono ya mama kwenye kikombe, mhudumu, haraka. Mama Kang alifunika mdomo, akacheka mpaka machozi. "Kumbe ilikuwa ya kwangu! Na mimi nimeinywa kwa uchungu, tamu namna ile!"

Mzee Kang naye alitabasamu, akamvutia Gu kigoda. Gu akakaa, akashusha pumzi. Imekwisha, alijisemea.

"Supu nimekuelewa, mkwe," Mzee Kang alisema. "Supu ni supu. Lakini kuna jambo moja bado silielewi, nisaidie. Supu ilipokuja, mimi sikushangaa. Nimekaa pale tangu mwanzo naingoja. Pombe yangu umeiweka miguuni. Saumu umenicheka. Wewe na mkeo mmenong'ona kwa lugha yenu mkimtazama mke wangu, mkacheka. Halafu miaka miwili hii mwanangu akipiga simu nyumbani, namuuliza, wazee wa Peiwen wanasemaje? Ananyamaza. Sasa hebu niambie, hiyo supu isingekuja, ningekuwa nimekosea?"

Gu alifungua mdomo. Kuhusu chupa alikuwa na jibu. Kuhusu Kishanghai alikuwa na jibu. Lakini swali lenyewe halikuwa la chupa, na alipozitafuta zile sababu zake za miaka miwili, mbali, zamu, saumu, hakuiona hata moja ya kuiweka mezani mbele ya mtu huyu. Alishangaa. Alikuwa amezishikilia kwa nguvu sana.

"Hukukosea," alisema mwishowe, na masikio yakamwaka. "Nilikuwa simtaki."

Songtao, aliyesimama nyuma yake, hakujongea.

"Amefanya nini?" Mzee Kang aliuliza, na haikuwa ukali, alitaka kujua kweli.

"Hajafanya kitu. Ni... ninaye mmoja tu, mkwe. Akiolewa na mtu wa mbali, siku moja watafunga mizigo. Nitabaki na mama yake tunaangaliana. Niliogopa kumpoteza mtoto."

Mzee Kang alimtazama kama mtu asiyeamini anachokisikia. Kisha akaweka vijiti chini.

"Wako anakaa wapi?"

"Kwetu. Chumba cha pili."

"Wangu nilimsindikiza stesheni akiwa na miaka kumi na minane. Anakuja mwaka mpya siku nne, na siku moja kati ya hizo analala tu kwa uchovu. Mama yake bado anamtandikia kitanda. Anafanya kazi kwenu, anakula vyakula vyenu vya sukari, amepata mchumba kwenu, na wajukuu wangu watanong'ona kwa lugha yenu nisiwasikie." Akakohoa. "Mkwe, kati yetu sisi wawili, nani aliyempoteza mtoto?"

Gu alijisikia mdogo mpaka akaona haya kukalia kigoda cha watu. Miaka miwili alikuwa amelia kuibiwa, na mtu aliyeibiwa alikuwa hapa, amekuja kwa treni na makomamanga.

"Sijawahi kulifikiria," alisema. Halafu, kwa kuwa alijua maneno yake huwa yanatoka vibaya, aliyachukua machache tu, yale asiyoweza kuyaharibu. "Namtaka. Songtao, namtaka. Na nyinyi nawataka, mje mkae, si siku nne."

Nyuma yake mlango ulikuwa umefunguliwa. Peiwen alikuwa amesimama kizingitini na mifuko ya chakula mikononi, mama yake nyuma akimsukuma aingie, na yeye haingii.

"Baba," alisema. "Umesema nini?"

Gu akageuka. Alipouona uso wake, akadhani amekosea tena, akatamani kuyarudisha na kuyashona upya. Kisha akasimama na kuyasema vile vile, kwa sauti kubwa kiasi kwamba mpishi aliacha kuvuta tambi na kutazama.

"Nimesema namtaka."

Peiwen alimpita Songtao, akawapita wakwe, akamkumbatia baba yake pamoja na mifuko yake yote, na mchuzi mwekundu ukamwagikia koti ambalo Gu alijishonea mwenyewe, ukachirizika mgongoni, naye hakuthubutu kusogea.